Kwa Kariuki, Kuhusu Hewa ya Lile Shimo

Kamenu, Alhamisi mchana

Kariuki, wakini wangu, mwenzangu wa jando,

Naogopa. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakuandikia kwa utulivu. Jua linawaka juu ya mabati, majirani wanaanika nguo, na mimi nimefunga mlango kwa komeo kama mtu anayejificha. Wewe ungecheka. Ulikuwa ukisema mtu akisoma sana huanza kuogopa vitu ambavyo bado viko njiani. Sasa vimefika, na mtu ninayetaka kumweleza kabla ya wengine wote ni wewe, kwa sababu jambo lenyewe ni lako.

Habari za nyumbani kwanza, maana najua ungeuliza. Imepita miezi mitano tangu tukuzike. Binti yako Wanjiru amejifungua mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu zamu ya jina ilikuwa yako, kwa hiyo kuna Kariuki mwingine kule Kahawa Wendani. Nimembeba. Ana kichwa chako, pole yake. Yule mbuzi wako mweusi wa kupanda ukuta bado anapanda ukuta. Stima inagawiwa siku hizi. Leo wanazima upande wetu, kesho upande wa viwanda, na mashine za kule zikinyamaza katikati ya mchana unasikia kunguru kutoka mbali, jambo ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote niliyoishi hapa.

Kwa sababu ya huo mgao, mradi wetu wa machinjioni umependwa ghafla. Unakumbuka madiwani walivyouita "mavi ya Mwalimu"? Sasa diwani yuleyule husimama mbele ya watu akisema baraza letu litajitengenezea stima lenyewe, kwa samadi yetu wenyewe. Neno mavi yeye halitamki tena.

Nimekuwa nikiikumbuka ile siku ya kwanza, tumekaa nyuma ya machinjio tunakula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, nikakueleza kazi niliyopewa na baraza baada ya kustaafu ualimu. Nilisema kuna watu Nairobi wenye fedha za kujenga mitambo ya nishati safi, lakini hawampi mtu fedha kwa sababu ana wazo zuri. Wanataka mradi ulioiva: hati ya shamba, barua ya makubaliano, vipimo vya gesi vya kila siku, michoro, na ukurasa unaoeleza hatari zote na jinsi zitakavyozuiwa. Mabaraza mengi hukwama hapo, nikasema, kwa sababu yana mito, yana samadi, yana jua, ila hayana karatasi. Ulitafuna, ukafikiri, ukaniambia, "Kwa hivyo wanataka kuona moto, halafu karatasi, halafu moto ndani ya karatasi." Sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Siku iliyofuata ulikuja na sururu, ukaanza kuchimba shimo la majaribio ili tupate vipimo vyetu.

Ulichimba shimo zuri, Kariuki. Ukalijengea kuba la matofali, na juu yake mlango wa kuingilia wenye mfuniko wa chuma. Kinyesi na matumbo ya ng'ombe yakaingia upande mmoja, na baada ya majuma machache tukawasha moto wa buluu uliochemsha maji ya kuoshea vichwa na miguu. Salim, yule mchinjaji wa Majengo, alinyoosha kiganja juu ya moto ule kama anayemsalimu mtu. Ulisimama kando umekunja mikono. Baadaye ulinipitia nyumbani ukaniomba nikueleze tena moto unatoka wapi.

Nikakueleza. Nilikueleza kila kitu, si ndiyo? Nilikueleza kuhusu vijidudu visivyopenda hewa, vinavyokula samadi gizani na kupumua gesi inayowaka. Nilikuchorea kwenye mchanga. Nilikuonya kuhusu taa. Ninyi wachimba visima mna njia yenu ya siku zote: kabla ya kushuka mnateremsha koroboi iliyowashwa kwa kamba, na ikizimika mnajua huko chini hakuna hewa ya mtu. Nikakuambia hapa usithubutu, maana gesi hii ikikutana na moto utaruka pamoja na kuba. Ukaniambia sawa, Mwalimu. Ukaacha taa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikunyang'anya njia yako ya kupima hewa, na nilikuwa na haki kuikataza, lakini sikukupa nyingine mahali pake. Umebaki na nini? Umebaki na pua. Na kuna jambo moja kuhusu pua ambalo nimelifundisha darasani kwa miaka karibu thelathini, nikaliuliza katika mitihani, na sikukuambia wewe. Ndani ya shimo kama lile kuna hewa nyingine yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa kidogo inanuka. Ikiwa nyingi inaiua pua kwanza, kabla haijamuua mtu, naye anadhani harufu imekwisha. Nayo ni nzito, inalala chini, haitoki hata mfuniko ukikaa wazi siku nzima, na mtu akilikoroga tope inaamka yote kwa mara moja.

Siku ile matumbo yalipoziba bomba, mimi nilikuwa mjini Thika, kwenye duka la kuchapisha, nasahihisha taipu ya ukurasa wa michoro. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nasahihisha neno gani wakati ule.

Salim alikuwa ameshika kamba yako. Alinisimulia siku ya mazishi, tukiwa tumesimama kando na watu wakiimba. Aliniambia ulishuka ngazi mbili, ukaguna kwa uvundo, ukachokora kwa fimbo, kisha ukamwambia, "Harufu imeisha, Salim. Kumetulia." Ukashuka ngazi ya tatu. Basi.

Daktari aliandika moyo. Ulikuwa na presha, kila mtu alijua, na familia haikutaka mwili wako upasuliwe. Watu waliokuja kukuaga walisema moyo wako ulichoka, na mimi nikasimama kaburini na yale maneno ya Salim kifuani, nikijua maana yake kuliko yeye aliyeyasikia. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba sina hakika, kwamba hakuna kipimo, kwamba mkeo Wambui ana majonzi ya kutosha. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini ukweli zaidi ni kwamba niliogopa. Niliogopa ataniangalia vipi. Niliogopa polisi. Niliogopa mradi utafungwa na jina langu liandikwe juu yake.

Ningeendelea kunyamaza, wakini. Nakuambia bila kujitetea. Hadi Jumatatu ya juma hili.

Jumatatu karani wa baraza aliniita ofisini. Wageni wa Nairobi wanakuja Ijumaa, yaani kesho saa nne, kuona moto na kuchukua faili. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwenye ukurasa wa hatari nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa woga: "Mfanyakazi mmoja alifariki akiwa kazini." Alitaka mstari huo utoke. Alisema hukufa kwa mradi, ulikufa kwa moyo, na mtu wa fedha akisoma kifo anafunga faili. La pili, moto umedhoofika, tope limejaa chini, na wageni hawawezi kuonyeshwa moto wa mshumaa. Kwa hiyo amepata mtu wa kushuka Jumatano kulizoa. Alitabasamu, akifikiri atanifurahisha. Alisema kazi imebaki kwa familia. Amempa Mwangi.

Mdogo wako, Kariuki. Kwenye shimo lilelile.

Unajua nilifanya nini? Nilisema asante, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Nilitembea hadi darajani, nikasimama nimeshikilia ukuta wake. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo alishindwa kumwambia karani mmoja sentensi moja. Jumatatu hiyo sikula.

Jumanne mchana nilipita mbele ya lango lako mara mbili. Mara ya tatu Wambui akaniona, akaniita, akanitengea chai. Mwangi alikuwepo, anapaka mafuta kamba yako. Nikawaeleza. Kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kueleza vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikajirudia. Niliwaambia kuhusu pua, na taa, na maneno aliyoyasikia Salim. Niliwaambia nilishuku tangu siku ya mazishi.

Wambui hakulia. Aliweka birika chini polepole, akaniangalia. "Wewe unaongea sana, Mwalimu," akasema. "Kila kitu unaeleza. Hiyo moja ulisahau aje?"

Nadhani nilikuona wewe kama mtu anayejua mashimo, na mtu humwelezi anachokijua. Hilo ndilo karibu zaidi na jibu, na halitoshi.

Mwangi ndiye aliyekasirika. Alisema nataka kukufanya uonekane mjinga, fundi wa visima vyote kuanzia Ruiru hadi Gatundu, eti kauawa na uvundo. Alisema atashuka, na atashuka na kamba hiyohiyo, ili watu wajue ulikuwa moyo. Nilimwomba. Akaniambia nikafundishe shule. Wambui hakumwambia ashuke wala asishuke. Alikuwa ameangalia ukutani, kwenye picha yako ile ya harusi ya Wanjiru, umevaa tai yangu.

Basi Jumatano nikafanya kitu ambacho bado kinanishangaza. Niliamka mapema, nikapanda gari la kwanza la kwenda machinjioni, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo, nikakaa juu ya mfuniko. Sikuwa na mpango mwingine. Nilikaa na koti langu na kofia yangu. Walipofika wachuna ngozi mmoja akasema Mwalimu ameatamia, mwingine akauliza ataangua nini, na wote wakacheka, na kila mara kicheko kilipopoa mtu akaongeza lake. Chuma kilikuwa baridi hadi mifupani.

Mwangi akaja na kamba begani. Karani akaja. Akaniita pembeni, sikwenda. Akasema, "Mzee, toka hapo, unatuaibisha." Nikamwambia nitatoka mtu akinihakikishia kuna hewa chini. Akaniuliza kwa kitu gani, na hapo nikagundua kwamba hata sasa, miezi mitano baadaye, sikuwa nimeleta kitu cha kupimia. Nilikuja na maneno tu tena. Hofu iliyonishika wakati huo ilikuwa mpya kabisa. Niliona nitainuliwa na vijana wawili kama gunia, na Mwangi atashuka mbele ya macho yangu, na nitakuwa nimeeleza vizuri sana.

Aliyetuokoa ni Salim. Alikuwa ameegemea mlango akinoa kisu. Akaenda kwa mama anayeuza kuku nje ya lango, akarudi na jogoo mwekundu ndani ya kikapu cha waya. Akasema kama kuna hewa jogoo atarudi akiwika, na kama hakuna, yeye hashiki kamba ya mtu mwingine wa nyumba hiyo. Akamtazama Mwangi aliposema hivyo.

Tukafungua mfuniko. Niliwasimamisha wote upande upepo unakotokea. Mwangi akachukua mti mrefu akalikoroga tope la chini, na uvundo ukapanda mpaka wachuna ngozi, ambao wamezoea kila kitu, wakafunika midomo. Kisha Mwangi akafanya jambo ambalo nitaliona mpaka nife. Aliinama juu ya tundu, uso wake karibu na ukingo, akanusa, akageuza kichwa akasema, "Si mnaona? Imeisha. Sisikii kitu."

Maneno yako, Kariuki. Sauti yako pia, maana mnafanana. Nilimshika shati kwa mikono miwili nikamvuta, tukaanguka pamoja kwenye matope. Sijui nguvu zilitoka wapi. Alinitukana. Kisha akashika kichwa, akasema kinamzunguka, akakaa chini akihema. Sisi wengine, hatua chache tu nyuma, bado tulisikia uvundo uleule.

Salim akateremsha kikapu. Nilitazama saa yangu. Jogoo alipiga mbawa, tukamsikia, kisha hatukumsikia. Dakika moja haikutimia. Salim akavuta kamba kwa mikono ileile, na kikapu kilipotoka jogoo alikuwa amelala na shingo imelegea, na hakukuwa na alama yoyote juu yake. Mmoja wa wachuna ngozi akanyoosha mkono kumchukua, kwa mazoea tu, naye Salim akamwambia huyo haliwi na mtu, akazikwe.

Mwangi aliangalia jogoo kwa muda mrefu. Kisha akaikunja kamba yako, mzunguko mmoja mmoja, akauliza swali moja, bila kuniangalia. "Aliumia?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwa nini hapana, na safari hiyo nilieleza vizuri, kwa maneno machache. Ikiwa nyingi hivyo mtu huzimika ghafla. Hakupata muda wa kuogopa. Nadhani ni kweli. Nakuomba iwe kweli.

Hakuna aliyeshuka. Tope tumelichota kwa ndoo za kamba kutoka juu, kutwa nzima, Mwangi akiongoza. Moto leo asubuhi ulikuwa wa buluu tena, si mkubwa, lakini unasimama.

Nilifikiri baada ya hapo hofu itanitoka. Haikutoka, ilihamia mahali pengine. Karani alikubali kuhusu shimo, maana aliona, lakini kuhusu ukurasa hakubali. Ameniambia jogoo ni jogoo na faili ni faili. Kwamba nikiwatisha wageni, machinjio yatabaki gizani, na baraza zima litajua ni nani aliyezima. Na sina uhakika kwamba anakosea, Kariuki. Hilo ndilo linaloniuma nikiandika hapa. Nimewaambia watu miaka miwili kwamba mwekezaji wa kweli huamini zaidi mradi unaotaja hatari zake, kwa sababu anayezitaja amezipima. Nimelisema hilo kwenye mikutano, kwa chaki, kwa mishale. Kesho ndiyo mara ya kwanza nitajua kama ninaliamini. Wageni wakifunga faili, kazi yako yote itakuwa shimo lililoua mtu na kufukiwa. Nitakuwa nimekuua mara ya pili, kwa ukweli safari hii.

Lakini nikiutoa huo mstari, shimo kubwa litajengwa, na jingine Juja, na jingine mahali nisipopajua, maana mabaraza huigana karatasi neno kwa neno. Na mahali fulani fundi mzuri wa visima ataambiwa aache taa nyumbani.

Jana jioni, kabla giza halijaingia, Wambui alikuja hapa. Hakukaa. Nilimwonyesha ukurasa mpya, nilioutoa kwenye mashine ya kuchapia muda huohuo. Nimeandika jinsi hewa ile inavyoua pua. Nimeandika kwamba hakuna mtu kushuka. Na ikibidi, pampu ya hewa kwanza, mkanda wa mwili, watu wawili juu, na mnyama mdogo kutangulizwa mpaka kifaa cha kupimia kinunuliwe. Nimeandika kwamba mshauri wa mradi alijua hatari hii na hakuieleza. Chini nimetia sahihi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka alipofika kwenye "mfanyakazi mmoja". Akasimamisha kidole hapo. "Huyu ni nani?" akaniuliza. "Andika jina. Yote." Kisha akasema Ijumaa atakuja mkutanoni, atakaa mbele.

Basi nimechapa upya leo asubuhi. Majina yako yote matatu, na kazi yako: fundi wa visima, mjenzi wa mtambo huu. Karani hajauona. Nakala za wageni ziko hapa mezani chini ya mkono wangu, na ndiyo sababu ya komeo mlangoni. Najua hakuna mtu atakayekuja kuziiba. Nimefunga hata hivyo.

Kesho saa nne nitasimama mbele ya watu wa Nairobi, na karani, na madiwani, na nitasoma ukurasa huo kwa sauti huku mke wako akinitazama. Nimejaribu kuusoma hapa peke yangu mara tatu, na mara zote tatu sauti imekatika palepale, kwenye jina. Sijui kesho itakuwaje. Wanaweza kusimama na kuondoka. Diwani anaweza kunifokea. Polisi wanaweza kuniuliza kwa nini nilikaa miezi mitano, na nitawajibu kama nilivyokujibu wewe, kwamba niliogopa.

Pumzika, wakini wangu. Sikuombi unisamehe, hilo liko mikononi mwa Wambui, naye hajasema. Nakuahidi jambo moja tu ambalo naliweza. Sauti ikikatika kesho, nitasubiri, nitaanza tena mwanzo wa mstari, na sitakaa chini mpaka kila mtu aliye ndani ya chumba hicho awe amesikia ni nani aliyeshuka, na ni nani ambaye hakumwambia.

Wako,
Njoroge